Nani Anayewaka? Uchambuzi wa Kisa cha Chembenano za Mlonge Ndani ya Viluwiluwi vya Mbu

Rasimu ya ripoti ilidai mambo matatu kwa mpigo: chembenano za kaboni (chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita) zilizotengenezwa kwa majani ya mlonge zimeingia ndani ya viluwiluwi hai vya mbu, zimejikusanya kwenye utumbo na kwenye mafuta ya mwili, na zinatoa nuru nyekundu inayoonekana hata kwa kamera ya simu. Chini yake kulikuwa na picha nne za kuvutia. Msomaji wa pili aliandika swali moja tu pembeni: kundi lisilopewa chochote liko wapi? Halikuwepo.

Kisa kimewekwa katika maabara ya chuo jijini Dodoma. Kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha makosa yanayojirudia katika kazi za aina hii. Namba za vipimo vya kisa ni za mfano. Kemia na biolojia iliyomo si ya kubuni. Tunakifuata kuanzia majani hadi picha, maana kosa la picha lilizaliwa zamani, kwenye jiko.

Kwa nini mlonge, na kwa nini kaboni

Chembenano za kisa hiki huitwa nukta za kaboni: ni chembe ndogo kuliko nanomita 10, zenye uso uliojaa oksijeni na mara nyingi naitrojeni, ambazo zikimulikwa mwanga wa urujuani au buluu hutoa nuru ya rangi nyingine. Zilionekana kwa bahati mwaka 2004, watafiti wa South Carolina nchini Marekani walipokuwa wakisafisha masizi yenye mirija ya kaboni. Mwaka 2006 kikundi cha Clemson, jimbo hilohilo, kilionyesha kwamba zikivikwa polima zinawaka vizuri zaidi. Nukta za kwanta, fuwele ndogo mno zinazowaka, zile zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, zinang'aa kwa nguvu na kwa rangi safi, lakini nyingi kati ya zilizo bora zina kadimi. Kadimi ni sumu, kwa hiyo mtu anayetaka kuangalia kiumbe hai anatafuta kitu kingine. Majani ya mlonge yanapatikana Dodoma karibu mwaka mzima, na takriban robo ya uzito wake yakikauka ni protini. Protini ina naitrojeni, na naitrojeni huongeza mng'aro. Mpaka hapo hoja ni nzuri.

Tatizo ni kwamba jani lina mengine mengi yanayowaka bila kupikwa: klorofili, asidi ya klorojeniki, flavonoidi. Anayeanza na jani anaanza na malighafi ambayo tayari ina taa zake. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo maandiko mengi kuhusu "chembenano za kijani" hulipita haraka mno.

Jikoni

Majani yalioshwa kwa maji ya bomba mara mbili na maji yaliyokenekwa mara moja, yakaanikwa kivulini, yakasagwa na kuchekechwa. Kivuli ni lazima. Jua la kiangazi la Dodoma huharibu rangi za jani kwa kasi isiyo sawa, na mafungu mawili yaliyoanikwa siku mbili tofauti huwa malighafi mbili tofauti. Kuosha nako si urembo: vumbi jekundu lina oksidi za chuma, sehemu yake huyeyuka kwenye asidi inayozaliwa wakati wa kupika, na ayoni za chuma Fe³⁺ huzima nuru ya nukta za kaboni. Maji yaliyokenekwa yakiisha, watu hukimbilia maji ya betri ya kituo cha mafuta. Yanaweza kusaidia kuosha vyombo, mradi uhakikishe ni maji na si asidi ya betri, lakini yasiingie kwenye sampuli kabla ya kuyapima yenyewe chini ya fluorimita, kifaa cha kupima nuru.

Mafungu yalikuwa mawili. Fungu A lilikuwa gramu 3 za unga ndani ya mililita 60 za maji, kwenye kikombe cha Teflon cha mililita 100 kilichofungwa ndani ya chombo cha chuma, nyuzi 180 za Selsiasi kwa muda wa saa 8. Fungu B lilikuwa gramu 3 ndani ya mililita 60 za ethanoli ya asilimia 95, nyuzi 150 kwa muda wa saa 4.

Kwenye nyuzi 180 mvuke wa maji una shinikizo la takriban bar 10 (kama mara kumi ya shinikizo la hewa ya kawaida), na maji yenyewe hutanuka kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana kikombe hakijazwi kupita theluthi mbili. Ethanoli hufika bar 10 hizohizo kwenye nyuzi 150 tu, na ikipelekwa nyuzi 180 inakaribia bar 20. Kuchukua maelekezo ya maji na kubadilisha kimiminika bila kubadilisha joto ni kuongeza shinikizo maradufu bila kujua. Kikombe kisichoandikwa kikomo chake kisipikiwe ethanoli kabisa, na oveni yenye koili zilizo wazi isitumike, kwa sababu mvuke ukivuja unashika moto. Teflon yenyewe isipite nyuzi 220. Chombo kinafunguliwa kikipoa kabisa, kwa kawaida kesho yake asubuhi. Kukipoza kwa maji ya bomba ili kuwahi hupinda kifuniko, na safari inayofuata kinavuja.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji kwenye chombo kilicho wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kwa chombo kilichofungwa hilo halina athari, lakini anayejaribu kupika kwa kuchemsha chupa wazi ajue hafiki 100 licha ya kitabu kusema hivyo. Umeme ukikatika katikati, fungu hilo liandikwe kuwa fungu tofauti. Saa 3 za moto, saa 2 za kupoa na saa 5 za moto tena si sawa na saa 8 mfululizo: wakati wa kupoa vitu huganda na kutuama, na chembe zinazozaliwa baadaye zinakua juu ya za kwanza.

Baada ya kupika, mafungu yote mawili yalizungushwa kwenye sentrifuji kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, muda wa dakika 20, kisha yakapitishwa kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Fungu A likatoka na rangi ya chai ya rangi. Fungu B likatoka kijani cheusi kinachoelekea kahawia. Usafishaji ukaishia hapo, na kila kilichofuata kikaegemea juu ya pengo hilo.

Nuru ya buluu

Kichujio cha mikromita 0.22 kina matundu ya nanomita 220. Kinazuia bakteria na vipande vya jani, lakini molekuli moja moja ya asidi ya klorojeniki inapita kama ilivyo, na bidhaa zote ndogo za sukari iliyoungua zinapita pia. Kwa hiyo fungu A lililopimwa kwenye ripoti lilikuwa supu: chembe chache na molekuli nyingi zinazowaka. Hili limeshatokea hata kwenye mapishi maarufu kuliko yote, ya asidi ya sitriki na ethilinidiamini: baada ya miaka michache ya kushangilia mng'aro wake wa asilimia 80 hivi, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya nuru ile inatokana na molekuli ndogo inayozaliwa humo, inayofupishwa IPCA.

Dawa yake ni dayalisisi, yaani kuchuja kwa utando unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza kubwa. Mililita 20 za fungu A zinawekwa kwenye mfuko wa utando wa dalton 1,000 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), mfuko unazamishwa ndani ya lita 1 ya maji yaliyokenekwa, na maji yanabadilishwa mara 4 ndani ya saa 48. Ukubwa wa utando haukisiwi. Chembe ya kaboni yenye kipenyo cha nanomita 2 na msongamano wa gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo ina uzito wa takriban dalton 4,500. Ya nanomita 3 inafika kama 15,000. Utando wa 1,000 unazibakiza zote mbili na kuachia molekuli ndogo. Wa 3,500 unafanya kazi haraka zaidi, ila chembe za chini ya nanomita 2 zinaanza kupotea.

Maji ya nje hayamwagwi. Kila yanapobadilishwa yanapimwa, kwa sababu ndiyo yanayosema nuru ni ya nani. Katika kisa, mfuko ulianza na usomaji wa 1,000 kwa mililita 20, yaani jumla ya 20,000. Maji ya kwanza ya nje yalisoma 12 kwa mililita 1,000, sawa na 12,000. Ya pili yakatoa 3,100, ya tatu 900, ya nne 200. Mwishoni mfuko ulikuwa umevimba kufikia mililita 28 na unasoma 90, yaani 2,520. Ukijumlisha unapata 18,720, kama asilimia 94 ya ulichoanza nacho, kwa hiyo hesabu inafunga vizuri. Nuru iliyotoka nje ni asilimia 81. Iliyobaki ndani ya mfuko, inayoweza kuitwa ya chembe, haikufika asilimia 13. Vipimo vyote hivi vinafanywa kwenye myeyuko uliopunguzwa mpaka ufyonzaji, yaani kipimo cha mwanga unaomezwa na myeyuko, uwe chini ya 0.1, myeyuko mzito hujiziba, na hesabu haitafunga kamwe.

Kuna mitego mingine mitatu kwenye grafu zenyewe. Wa kwanza ni kilele cha ufyonzaji karibu na nanomita 284, ambacho ripoti ilikitaja kuwa alama ya kiini cha kaboni. Sukari ikipikwa kwenye maji ya moto huzaa haidroksimethilifurfurali, na kilele chake kiko palepale, 284. Baada ya dayalisisi kilele hicho kilishuka sana, jambo ambalo kiini cha kaboni hakiwezi kufanya.

Wa pili unawanasa hata wazoefu. Ripoti ilisema kilele cha nuru kinahama kadiri mwanga wa kuchochea (ule unaomulikwa kwenye sampuli) unavyohama, tabia inayojulikana ya nukta za kaboni. Lakini maji matupu nayo yana mstari unaohama, wa Raman, yaani mwanga uliotawanywa na maji yenyewe, unaobaki nyuma ya mwanga wa kuchochea kwa tofauti ileile ya nishati. Ukichochea kwa nanomita 320 mstari huo unaonekana karibu 359. Kwa 350 unakuja 397. Kwa 400 unafika 463. Sampuli ikiwa hafifu, unachokiona kinahama ni maji. Pima kuveti (kichupa cha kupimia) ya maji peke yake kwa mipangilio ileile, kisha toa.

Wa tatu ni ufanisi wa kwanta, yaani sehemu ya mwanga uliomezwa inayorudi kuwa nuru. Kipimo linganishi ni salfeti ya kwinini ndani ya asidi ya salfuriki ya molari 0.1, yenye ufanisi wa 0.54 ikichochewa kwa nanomita 350. Katika kisa, kwinini ilipimwa kwenye ufyonzaji wa 0.45 huku sampuli ikiwa 0.08. Kwinini ikajiziba yenyewe, ikaonekana hafifu, na sampuli ikaonekana bora kuliko ilivyo. Zote mbili ziwe chini ya 0.1. Vidonge vya kwinini vya duka la dawa vinatosha kuonyesha nuru ya buluu darasani, lakini vina unga wa kujazia, hivyo havifai kuwa kipimo.

Kuhusu picha za hadubini ya elektroni, kwa kifupi: mistari ya nanomita 0.21 ilitajwa kuwa ya grafiti. Majani yana potasiamu nyingi, na fuwele za kloridi ya potasiamu zina mistari ya takriban 0.22, tofauti ambayo rula ya kwenye skrini haiitenganishi. Sampuli isiyopitia dayalisisi haifai kupelekwa huko, na gharama ya kuisafirisha inakuwa imepotea.

Nuru nyekundu

Fungu B ndilo lililofurahisha watu, na sababu ilieleweka: mwanga mwekundu unapenya tishu vizuri kuliko wa buluu, kwa hiyo chembe inayowaka nyekundu ina thamani kubwa. Nuru ilikuwa na kilele karibu na nanomita 672, na haikuhama hata mwanga wa kuchochea ulipobadilishwa. Msomaji yeyote wa botania angeshtuka hapo. Klorofili na feofitini, ambayo ni klorofili iliyopoteza magnesiamu yake, zinawaka palepale.

Jaribio la kwanza halihitaji mashine. Chukua mililita 2 za fungu B kwenye bomba la majaribio, ongeza mililita 0.5 za maji na mililita 2 za heksani, kimiminika kisichochanganyika na maji, tikisa, acha mpaka matabaka yatengane, kisha mulika kwa tochi ya UV (urujuanimno), hata ile ya kukagulia noti. Nukta za kaboni zenye uso wa oksijeni zinapenda maji, kwa hiyo zinabaki tabaka la chini. Klorofili na feofitini zina mkia wa mafuta, zinapanda kwenye heksani. Katika kisa, wekundu wote ulipanda juu. Chini kukabaki buluu hafifu.

Jaribio la pili ni la spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaomezwa: fungu B lilionyesha vilele karibu na 409, 505, 535, 608 na 666. Hiyo ni saini ya feofitini a, na haielezeki kwa kaboni. La tatu ni bamba la silika, linalotenganisha rangi kadiri kimiminika kinavyopanda juu yake. Weka tone la fungu B, kando yake tone la majani mabichi ya mlonge yaliyosagwa ndani ya asetoni, na kando yake tena tone la mchanganyiko huohuo uliotiwa tone moja la asidi ya hidrokloriki hafifu mpaka ukageuka rangi ya zeituni. Pandisha kwa heksani saba na asetoni tatu. Doa jekundu la fungu B lilisimama usawa mmoja na doa la tatu. Saa 4 za nyuzi 150 hazikuwa zimegeuza klorofili kuwa chembenano. Zilikuwa zimeitoa magnesiamu na kuiacha ikiwaka.

Hoja moja ya ripoti inastahili maelezo yake, kwa sababu ilionekana kuwa ushahidi wenye nguvu: fungu B likimwagwa kwenye maji linazima, likiingia ndani ya kiluwiluwi linawaka, na ripoti ikaita hali hiyo "chembe zinazoamka ndani ya kiumbe". Feofitini ndani ya maji hujikunja mafundo, na ikiwa kwenye mafundo nuru yake huzimika. Ikikutana na mafuta au utando wa seli, mafundo yanafunguka na nuru inarudi. Mwili wa kiluwiluwi una mafuta ya kutosha. Rangi yoyote inayopenda mafuta ingefanya hivyohivyo, na mahali ilipokusanyika ni ramani ya mafuta tu.

Viluwiluwi wenyewe

Viluwiluwi vilichotwa kwenye kingo za lambo, hatua ya tatu ya ukuaji, 25 kwa kila kikombe cha mililita 100. Idadi na ujazo huo unafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima dawa za viluwiluwi, na hapo hakuna lawama. Lawama ipo kwenye lambo. Kiluwiluwi wa lambo ana utumbo uliojaa mwani, na mwani una klorofili. Ukimmulika kwa buluu na kuweka kichujio chekundu, utumbo wake unawaka mstari mwekundu mzuri kabla hujampa chochote. Kwa hiyo picha nne za ripoti zilikuwa na klorofili kutoka pande mbili: ya mlonge na ya mwani.

Wengi wanadhani kuwaacha na njaa usiku mmoja kunasafisha utumbo. Hakusafishi. Kiluwiluwi anayekula husukuma chakula na kukitoa ndani ya muda usiozidi saa moja hivi, lakini asipopata kipya hubaki na cha zamani. Kinachotakiwa ni kumpa kitu kisichowaka kisukume kilichomo: kaolini safi (udongo mweupe), miligramu 50 kwa mililita 100, kwa saa 2, huku maji yakikorogwa kidogo isituame. Bora zaidi, viluwiluwi vitotolewe maabara kutoka kwenye mayai na vilishwe chakula kisicho na majani. Hamira kidogo inatosha kwa siku chache. Ina nuru yake hafifu ya kijani, kwa hiyo kundi linganishi lile hamira ileile. Vikombe vifunikwe kipande cha chandarua. Maabara inayozalisha mbu wazima haipendwi na majirani, na kinachobaki baada ya jaribio kinamwagiwa maji ya moto.

Maji ya kuwalea yaachwe wazi saa 24 ili klorini iondoke. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi na ugumu, na kalsiamu na magnesiamu huunganisha nukta za kaboni zenye uso wa asidi mpaka zinatuama. Weka fungu A ndani ya maji hayohayo bila kiluwiluwi kwa saa 24, kisha pima nuru ya juu na ya chini. Kama chini kuna zaidi, kiluwiluwi hatakuwa anakunywa chembe za nanomita 3. Atakuwa anakula mabonge.

Ndani ya mwili kuna mambo mawili yanayopotosha macho. Gamba la nje la mdudu, hasa kwenye viungo na karibu na misuli, lina protini iitwayo resilini inayowaka buluu karibu na nanomita 420 ikimulikwa UV. Dirisha la buluu la hadubini, yaani kichujio kinachopitisha nuru ya buluu tu, kwa hiyo ni dirisha baya kwa fungu A, hata kama ndilo linalolifanya liwake zaidi. Chochea kwa 470 hivi na uangalie kijani: nuru ya chembe inapungua, lakini ya mdudu inapungua zaidi. Jambo la pili ni asidi na besi. Sehemu ya mbele ya utumbo wa kati wa kiluwiluwi ina pH inayozidi 10, na sehemu ya nyuma inashuka kuelekea 8. Uso wa nukta za kaboni unabadilika kwa pH, na mng'aro nao. Utumbo ukiwaka zaidi mbele kuliko nyuma, haimaanishi chembe ni nyingi mbele. Andaa myeyuko uleule kwenye bafa (myeyuko wenye pH isiyobadilika) za pH 6, 7, 8, 9, 10 na 11, uupige picha kwa mipangilio ileile, ndipo ulinganishe.

Tena, chakula ndani ya utumbo wa kiluwiluwi kimezungukwa na utando wake unaokitenga na seli. Chembe iliyoko ndani ya utando huo iko kwenye bomba la chakula, haijaingia kwenye tishu. Picha ya juu peke yake haiwezi kutofautisha. Utumbo unatolewa kwa sindano mbili chini ya hadubini, unapasuliwa, utando unavutwa nje, kila kimoja kinapigwa picha peke yake.

Simu ilikuwa tatizo la wazi kuliko yote na rahisi kuliko yote kutatua. Kamera ikiachwa ijipange yenyewe, picha ya giza inang'arishwa mpaka ifanane na ya mwanga. Funga ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), muda wa mwanga na mizani ya rangi, uanze na kundi linalowaka zaidi ili picha yake isijae mwanga, kisha usiguse tena mpaka kundi la mwisho. Vipimo vichukuliwe kwenye faili ghafi, si kwenye picha iliyopitia WhatsApp.

Vifo navyo vilisomwa vibaya. Kwenye kikombe cha fungu B walikufa 17 kati ya 25, na ripoti ikasema chembe zina sumu. Feofitini ikipata mwanga huzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Rangi za jamii hiyo zimechunguzwa kama dawa za viluwiluwi zinazoamshwa na jua. Vikombe vilikuwa dirishani. Jaribio kama hilo linahitaji vikombe pacha, kimoja mwangani na kingine kimefungwa karatasi ya alumini. Vifo vya kundi linganishi vikifika kati ya asilimia 5 na 20 vinasahihishwa kwa kanuni ya Abbott, inayoondoa vifo ambavyo vingetokea hata bila dawa. Vikizidi 20, jaribio zima linatupwa.

Jaribio lilivyorudiwa

Fundi sanifu wa maabara ndiye aliyependekeza mpangilio uliotumika, na ulikuwa mzuri kuliko uliokuwa kwenye pendekezo la awali. Badala ya kulinganisha chembe na maji tu, kila kitu kilichoweza kuwaka kilipewa kikombe chake: maji matupu, kaolini, fungu A kabla ya dayalisisi, fungu A lililobaki mfukoni, maji ya nje ya mfuko yaliyokaushwa na kuyeyushwa upya, majani ya mlonge yaliyolowekwa bila kupikwa, na fungu B, mwangani na gizani. Dozi ilikuwa mikrogramu 100 kwa mililita, ikipimwa baada ya kukausha, kwa sababu uzito wa kabla ya dayalisisi sehemu kubwa ni chumvi na sukari. Fungu A la mfukoni lilihifadhiwa nyuzi 4 baada ya kuchujwa upya. Likiachwa mezani kwa joto la Dodoma, ndani ya wiki linaota ukungu, na ukungu nao unawaka.

Kwenye dirisha la kijani, kwa kipimo cha 0 hadi 255, utumbo wa kundi la maji matupu ulisoma 21. Majani yasiyopikwa yalisoma 29, maji ya nje ya mfuko 33, fungu A la mfukoni 47. Kwenye mafuta ya mwili, fungu A la mfukoni lilisoma 22, yaani hakuna tofauti na maji. Utumbo ulipopasuliwa, nuru ilikuwa ndani ya utando wa chakula, na ukuta wa utumbo ulibaki giza. Viluwiluwi vilivyopewa kaolini kwa saa 2 baada ya dozi vilirudi kwenye 23.

Fungu B liliondolewa kwenye ripoti na kuandikiwa pendekezo lake lenyewe, kama rangi ya mmea inayoua viluwiluwi mwangani: kwenye vikombe vya alumini walikufa 2 kati ya 25, na vya dirishani 16. Neno chembenano halimo kwenye pendekezo hilo.

Sentensi ya mwanzo ya ripoti ikafutwa. Iliyowekwa mahali pake inasema kwamba nukta za kaboni za mlonge zilizopita dayalisisi ya dalton 1,000 zinaonekana kwenye njia ya chakula ya kiluwiluwi hai kwa mwanga wa kuchochea wa nanomita 470, hazikuonekana kwenye tishu kwa kipimo hiki, na hutoka ndani ya saa 2 mdudu akiendelea kula. Chini ya kila picha sasa kuna ISO, muda wa mwanga, kichujio, na picha ya kundi la maji matupu kwa ukubwa uleule.